Mzigo ni wa Nani?

Kwenye stesheni ya SGR pale Syokimau, kabla hujafika hata kwa mtu wa kukagua tikiti, kuna kitu lazima ufanye kama umebeba begi. Unaliweka chini kwenye mstari, pamoja na mabegi ya watu usiowajua, halafu unarudi nyuma hatua kadhaa na kungoja. Mbwa wa polisi anapita akinusa moja baada ya lingine: sanduku la magurudumu la maharusi wanaoenda fungate Diani, begi la mgongoni la mwanafunzi, gunia la mzee lililofungwa kwa kamba ya katani. Kwa hizo dakika mbili tatu mizigo yote iko sawa. Mbwa hajui nani amelipa shilingi 4,500 za daraja la kwanza na nani amelipa 1,500.

Usawa wenyewe unaishia hapo kwa mbwa. Ukiangalia nyuma, historia ya njia hii ya kutoka Ukambani kwenda baharini ni historia ya mizigo ambayo haijawahi kuwa sawa. Na swali linalofaa kuulizwa kila safari ni moja tu: mzigo huu ni wa nani, na anayeubeba anapata nini ukishafika gatini?

Jina la stesheni lenyewe lina hadithi. Syokimau alikuwa nabii wa kike wa Kikamba. Wazee wanasimulia kwamba muda mrefu kabla ya reli, aliona watu wa rangi ngeni wakija wamebeba moto mfukoni, na nyoka mrefu aliyelala kutoka maji hadi maji. Moto ulikuwa kiberiti. Nyoka alikuwa treni. Leo treni za SGR zinaanzia safari kwenye ardhi inayoitwa kwa jina lake, na sidhani kama kuna mhandisi aliyepanga mzaha huo.

Napenda hadithi hiyo, lakini kuna namna inavyosimuliwa ambayo inanikera kidogo. Inasimuliwa kana kwamba Wakamba walikuwa wameketi tu chini ya mti, wakingoja nyoka awafikie awaonyeshe bahari. Hawakuwa wameketi. Bahari walikuwa wanaijua, na bei za huko pia.

Kabla ya nyoka

Shuleni tulifundishwa kwamba reli "ilifungua" bara. Ni neno zuri, kwa sababu linakufanya uamini kulikuwa na mlango na mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa chukua ramani. Kutoka Kitui mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 hata ukienda moja kwa moja kama ndege, na katikati kuna nyika ya Taru, ambayo haina huruma kwa mtu asiye na maji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa inavuka nyika hiyo kwa miguu, ikishusha pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Wengine walifika, wakaona maisha ni sawa, wakabaki. Ndiyo maana mpaka leo utakuta jamii za Wakamba upande wa Rabai, Mariakani na Kwale, watu ambao babu zao hawakuletwa huko na treni yoyote.

Jina linalojulikana zaidi katika biashara hiyo ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa Kitui. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa ameanzisha kituo chake Rabai, alipotaka kufika bara alisafiri na wafanyabiashara wa Kikamba, na Kitui alikuwa mgeni wa Kivoi. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao Kivoi alishamweleza habari zake. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake Wakamba ndilo alilolipeleka Ulaya, na baadaye likawa jina la nchi nzima. Wasomi wa London walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kivoi hakuwa na haja ya kubishana nao. Mlima alikuwa anauona.

Miaka miwili baadaye, 1851, Krapf alirudi, na safari hii wakaelekea Mto Tana pamoja. Walishambuliwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake porini, na alipofika mtoni aligundua hana chombo cha kubebea maji. Akajaza mtutu wa bunduki yake, akajaza na mfuko wa ngozi wa darubini, akaanza kurudi. Kila nikifikiria mizigo ya njia hii, namfikiria huyo jamaa: vitu viwili vya Ulaya, cha kuulia na cha kuonea mbali, vimegeuzwa mitungi.

Nisikupambie mambo. Biashara hiyo ya zamani haikuwa safi. Ndovu waliisha. Si kila aliyebeba pembe ndiye aliyeziuza, na kadiri karne ilivyosonga kulikuwa pia na mateka waliotembezwa njia hizo, watu waliogeuzwa wao wenyewe kuwa bidhaa. Wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, nao walianza kupanda bara na misafara yao, na mapato ya Kitui yakapungua miaka mingi kabla ya reli. Lakini jambo moja libaki mahali pake. Uamuzi wa lini msafara uondoke, upitie wapi na bei gani ikubaliwe ulikuwa ukifanywa Ukambani, na watu waliojua watakachorudi nacho.

Reli ilipita upande ule

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Mwaka 1898 simba wa Tsavo walisimamisha kazi darajani na kuingia kwenye vitabu na sinema. Mwisho wa Mei 1899 reli ikafika Nairobi, ambayo wakati huo haikuwa mji. Katikati ya Tsavo na Nairobi, bila simba wa kuigizwa sinemani, ilikuwa imekata ardhi ambayo leo ni kaunti ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud.

Hilo la mwisho ni jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, aliyekuja kuitembelea reli ikijengwa. Mtawala akaja, akaangalia, akaondoka, na jina lake likabaki kwenye ubao wa stesheni. Ukijiuliza kwa nini mji wa Wakamba una jina la sultani wa kisiwani, jibu ni kwamba aliyekuwa anaandika ubao hakuwa Mkamba.

Kitui haikupata ubao wowote. Reli ilibaki kusini mwa Mto Athi, na Kitui iko ng'ambo. Kwa ramani ni umbali mdogo, kama upana wa kidole. Maana yake lakini ilikuwa kubwa: mahali palipokuwa chanzo cha safari za pwani kwa vizazi kadhaa pakawa pembeni. Njia ya zamani ilianzia Kitui. Njia mpya ilikuwa na haraka ya kufika Uganda, na Ukambani palikuwa mahali pa kupita tu.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Miaka hiyo ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe, mvua zikakatika, na mwisho wa karne ikaja njaa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Treni za ujenzi zilipita zikipeleka chakula cha wafanyakazi huku vijiji vikihama au kufa. Halafu, njaa ikiwa haijasahaulika, kodi ya nyumba ikaanza, na kodi ilitaka pesa taslimu. Pesa zilikuwa kwa mzungu wa shamba, kwa mjenzi wa barabara, na kwenye reli yenyewe. Kwa hiyo watoto wa watu waliokuwa wakiuza pembe pwani waliingia stesheni kama vibarua wa kubeba masanduku. Kazi ni ileile, mgongo ni uleule. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa kwenye mzigo.

Kuwa haki, reli iliacha na mambo mengine. Makindu ilikua ikawa mji wa reli, na Masingasinga waliofanya kazi huko wakajenga hekalu lao, lililosimama mwaka 1926. Mpaka leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa anaweza kuingia pale, akafunika kichwa, akavua viatu, akala chapati na dengu bila kuulizwa dini yake wala kabila. Kama umewahi kusafiri na matatu ikaharibikia karibu na Makindu, unajua ninachosema.

Treni ya kupeleka watu melini

Kwa miongo mingi, ukisema unaenda Ulaya kutoka Nairobi, ulikuwa unamaanisha kitu kimoja: treni ya usiku hadi Mombasa, halafu meli Kilindini. Kulikuwa na treni zilizopangwa kufuata ratiba za meli. Mabehewa yalikuwa na madaraja matatu, na ingawa tikiti ilikuwa tikiti, kila mtu alijua daraja lipi ni la nani: la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu Waafrika. Daraja la kwanza lilikuwa na kitanda, shuka safi na chakula kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Daraja la tatu lilikuwa na benchi.

Masanduku ya meli hayakuwa kama mabegi ya siku hizi. Yalikuwa makubwa, ya mbao na ngozi, na hayakuwa na magurudumu. Mtu akirudi kwao Uingereza baada ya miaka kadhaa alikuwa anabeba nyumba nzima: vyombo, vitabu, ngozi za chui, vichwa vya swara, pembe. Ndiyo, pembe. Bado zilikuwa zinatoka bara kwenda baharini, ila sasa ni mapambo ya ukuta wa mtu, na aliyezipandisha kwenye behewa alilipwa kwa kuzipandisha tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya British India ilileta meli mbili mpya kwa safari ya London na Afrika Mashariki. Moja iliitwa Kenya, nyingine Uganda. Fikiria hiyo: meli inayoitwa kwa nchi isiyo na bahari, imeegeshwa kwenye bandari ambako ilianzia reli inayoitwa kwa nchi hiyohiyo. Meli zenyewe hazikukaa sana kwenye kazi hiyo. Ndege zilichukua abiria, mfereji wa Suez ukafungwa mwaka 1967, na Kenya ikauzwa kama chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ilibadilishwa ikawa meli ya kuwazungusha watoto wa shule wa Kiingereza baharini, wakajifunze dunia. Mwaka 1982 serikali yao ikaichukua, ikaigeuza hospitali ya vita vya Falkland.

Nataka uone mabadiliko yaliyofanyika hapo. Meli ya kukupeleka mahali imekuwa meli ya kukuzungusha. Abiria wa zamani alishuka Mombasa akiwa anahamia au anarudi. Abiria wa meli ya kitalii anashuka asubuhi, anapiga picha, ananunua kitu kidogo kinachoingia begini, na jioni anaondoka. Hicho kitu kidogo tutakirudia.

Treni ya usiku nayo ilikuwa na tabia moja ambayo watu wa Makueni waliijua vizuri kuliko abiria. Ilitoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi. Maana yake Makueni ilipitwa gizani. Mtalii aliamka Tsavo au Taru, akaona ndovu dirishani, akaandika barua kwao kuhusu pori la Afrika. Emali, Makindu na Kibwezi alikuwa amezilalia.

Susu yangu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuwa akiuza machungwa na mayai ya kuchemsha stesheni ya Kibwezi alipokuwa msichana. Alisema madaraja aliyajua kwa madirisha. La tatu lilikuwa wazi, mikono imetoka nje, kelele, watu wanataka kupunguziwa bei. La kwanza lilikuwa na pazia. Biashara ilikuwa ya dakika chache: treni ikianza kusonga unakimbia nayo, machungwa yanaingia ndani, sarafu inatupwa nje, na wakati mwingine sarafu haitupwi. Alikuwa anacheka akisimulia hiyo. Kuna watu Mombasa, alisema, wana deni lake mpaka leo.

Sanduku lisilorudi

Kuna abiria wengine waliopitishwa kwenye reli hii hadi melini, na hao hawakununua tikiti.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilihitaji mabega. Jeshi la Waingereza lilipopigana na Wajerumani wa Tanganyika, chakula na risasi vilibebwa na watu, na maelfu ya wanaume wa Ukambani walichukuliwa kuwa wapagazi. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi hicho cha wabebaji ndicho kilichotuachia majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Tunashuka matatu hapo kila siku, tunanunua viondo na nyama choma, na jina linamaanisha watu waliofanywa mizigo.

Vita ya Pili ilikuja na mahitaji yaleyale kwa maneno mazuri zaidi. Wakamba waliandikishwa KAR kwa wingi kuliko ukubwa wa jamii yao, mpaka ikawa kama sifa ya kuzaliwa nayo, eti Mkamba ni askari. Ukisoma nyuma ya sifa hiyo unakutana na ardhi iliyochukuliwa, ng'ombe waliouzwa kwa lazima na kodi isiyongoja. Vikosi vya Afrika Mashariki vilipotakiwa Burma dhidi ya Wajapani, vilishushwa Mombasa na kupakiwa melini kuelekea Ceylon.

Meli moja kati ya hizo iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 ikiwa na zaidi ya watu 1,500, wakiwemo wanajeshi wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki na kundi la wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga torpedo. Mchana huo kulikuwa na tamasha la muziki melini. Meli ilizama kwa takriban dakika mbili. Watu 1,297 walikufa. Waliosalia kidogo zaidi ya 200. Baadhi ya waliokuwa majini wakiogelea waliuawa na mabomu ambayo meli za Waingereza zenyewe zilirusha kuitafuta nyambizi iliyokuwa imejificha chini yao.

Majina ya Waafrika waliozama yako Nairobi, kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita, Barabara ya Ngong. Ni mahali pametulia, nyasi zimekatwa vizuri, na wapita njia wengi hawajui pana nini. Hawana makaburi, kwa hiyo wana ukuta. Nilienda mara ya kwanza mwaka nilioacha chuo, siku ambayo sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na nilisoma majina mpaka macho yakachoka. Historia niliyosomea darasani ilikuwa na tarehe za majenerali. Hapa palikuwa na majina kama ya watu wa kwetu, ya aina unayosikia ikiitwa hospitalini au kwenye harambee.

Twiga wa mbao

Turudi kwa kile kitu kidogo kinachoingia begini.

Mmoja wa waliopitia ile vita ya kwanza alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, mpakani kabisa na dunia ya Kitui. Akiwa Tanganyika alijifunza uchongaji kutoka kwa wachongaji wa huko, akarudi nao nyumbani. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani, viti, vijiko na vyombo vya ugoro, lakini hii ilikuwa kitu kingine: sanamu za kuuza. Aliwafundisha wengine, kijiji kikawa kiwanda, na ufundi ukasambaa Ukambani.

Mnunuzi alikuwa wapi? Kwenye stesheni, kwenye hoteli, na zaidi ya yote bandarini. Wachongaji walifuata mzigo wao mpaka pwani. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, wachongaji wa Kikamba wa Mombasa waliunda chama cha ushirika, na makao yake yako Changamwe mpaka leo. Ukienda pale utawakuta mamia ya watu chini ya vibanda, tezo zinagonga, vumbi la mbao linaelea, twiga amekamilika shingo kabla ya miguu. Mti waliopenda ulikuwa muhugu, na ulipoanza kwisha kwenye misitu ya pwani wengi walihamia mwarobaini, ambao hukua haraka na hauna uhaba.

Nimekaa nikifikiri kwa nini hadithi hii inanipa moyo kuliko zile nyingine, na nadhani ni kwa sababu ya neno ushirika. Kwa mara ya kwanza tangu misafara ya kina Kivoi, watu wa Ukambani walikuwa gatini na mzigo ulio wao. Waliutengeneza, waliuwekea bei, waligawana mapato. Twiga wa mbao ni kitu cha kuchekwa kirahisi. Wasee wa sanaa Nairobi huwa wanakicheka, ati ni sanaa ya watalii. Lakini umelipa karo za shule Ukambani kuliko sanaa nyingi zinazosifiwa magalarini.

Na ulitegemea meli. Maharamia wa Somalia walipoanza kuteka vyombo baharini, hasa kati ya 2008 na 2012, meli za kitalii ziliikwepa Mombasa. Mchongaji wa Changamwe ambaye hajawahi kumwona haramia alilala njaa kwa sababu yake. Meli zimeanza kurudi, na bandari imejenga kituo kipya cha abiria, chenye kiyoyozi na madawati ya uhamiaji. Nani ataruhusiwa kuuza ndani au mbele ya kituo hicho, na kwa kodi gani, si jambo dogo. Ni swali letu lilelile.

Kontena hufika

Treni mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Mtu asikudanganye kwamba si nzuri. Ni safi, ina kasi, inafika kwa wakati, na kwa kijana ambaye hajawahi kusafiri zaidi ya Machakos ni ajabu kuona ndovu wa Tsavo kutoka dirishani mchana. Makueni ina stesheni tatu za abiria: Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Sultan Hamud haikupata. Makindu, mji uliozaliwa na reli, nayo haikupata. Treni inaipita.

Madirisha hayafunguki. Kuna kiyoyozi, kuna uzio kuzunguka stesheni, kuna askari mlangoni. Ni usalama na ni usafi, naelewa. Lakini msichana wa machungwa wa siku hizi hana dirisha la kukimbilia. Makueni imejaa machungwa na maembe, na abiria wa ndani anauziwa biskuti na soda kwenye kigari.

Mizigo mikubwa nayo ina hadithi yake. Mwaka 2018 treni za mizigo zilianza kazi, na kwa muda serikali ililazimisha makontena yapandishwe SGR hadi Nairobi badala ya malori. Malori yalipopungua, miji ya barabarani kama Emali na Mtito Andei iliumia: hoteli, malazi, karakana, wauza nyama. Mombasa watu waliandamana. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Hesabu ya nani alikuwa amekula kutokana na lori lililosimama usiku haikuwa imefanywa kabla ya kutolewa.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipofuata reli kwenye ramani. Ukiwa abiria, SGR inakuacha Miritini, bara, na kutoka hapo utatafuta usafiri mwingine uingie kisiwani na begi lako. Lakini reli yenyewe haiishii Miritini. Tawi la mizigo linaendelea mpaka ndani ya bandari. Kontena linafika gatini. Mtu anashushiwa njiani.

Sidhani kuna aliyekusudia maana yoyote. Reli ilijengwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa na makontena. Hata hivyo nimeshindwa kuiona tofauti na ile ya 1896, ambayo nayo ilikuwa na mahali pa kufika, na watu wa katikati walikuwa mandhari.

Na Kitui? Bado haina reli. Ila imepata kitu ambacho wajenzi wa 1898 hawakuona sababu ya kujenga: lami kutoka Kitui mjini, Mutomo, Ikutha, kuvuka Athi, mpaka Kibwezi. Inamtoa mtu wa Kitui moja kwa moja kwenye barabara ya Mombasa bila kuzunguka Machakos. Ukiangalia inavyoteremka kusini kuelekea pwani, utaona inafanana sana na mwelekeo wa misafara.

Mama wa Mutomo mwenye magunia mawili ya ndengu na mtungi wa asali hatakwenda na treni. Hajakatazwa. Amepiga hesabu: nauli hadi Kibwezi, ukaguzi, nauli ya treni, Miritini, tuktuk hadi sokoni Kongowea. Anachukua basi la usiku. Makanga anaandika namba kwenye gunia kwa kalamu nene, wanabishana bei ya mzigo, anapewa risiti, anaingia ndani na kuketi. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi atakuwa Mombasa, na bei ya ndengu ataipanga mwenyewe.